Wafu Kumi na Tisa Waliokutwa Darasani, na Wanne Watoro

Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wasimulizi wa Laini ya Chini kwa Mkurugenzi wa Mpango wa Jua Kwenu, siku ya kuweka jiwe la msingi la Kituo cha Historia ya Mashinani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mpango wa Jua Kwenu katika shule za msingi, maafisa mliofuatana naye kwa magari matano, Mheshimiwa Chifu, mwalimu mkuu na walimu, mchungaji wetu, wazazi, na ninyi watoto mlioketi kwenye nyasi kwa sababu viti vimetengewa wageni: Bwana asifiwe.

MAKARIBISHO

Sisi wakaaji wa Laini ya Chini tumefurahi kupita kiasi kukuona kwa macho. Miaka miwili tumekuwa tukiona sahihi yako peke yake, na ni sahihi nzuri, ndefu, yenye mkia. Tulianza kudhani ni ya mashine. Leo tumejua ina mwenyewe, na tena ana afya.

Tunakushukuru kwa kufika saa nane ilhali kadi ilisema saa nne. Muda huo haukupotea, hata mistari hii imeandikwa tukikungoja. Watoto wameimba wimbo wa kukupokea mara sita, kwa hivyo ukiwaona midomo imekauka usidhani hawakupendi. Mvua ya mawe ya saa saba iliwapiga kidogo, lakini hii ni Kericho, mvua ya mawe hapa ni jirani. Tenti nayo ilifanya kazi yake vizuri: ilikinga viti vya wageni, na ndani yake hakuna kiti hata kimoja kilicholowa.

Kabla hatujaendelea, jambo moja la utaratibu. Risala hii imeandikwa na inasomwa na katibu wetu, Mama Jerusa Nyaguthii, mjane, aliyesoma mpaka darasa la saba na kuandika kumbukumbu za kanisa kwa miaka thelathini. Kwenye kumbukumbu za kanisa katibu hujiandika kama mtu mwingine, "Mama Jerusa alisimama akasema", ili maneno yasiwe ya nyumba yake. Basi ukisikia anatajwa humu ndani usimtafute pembeni. Ni huyu huyu unayemwangalia, na kikundi kimemwagiza asiruke mstari hata ukimchoma.

HISTORIA YA MAHALI PETU

Kijitabu chenu cha Jua Kwenu kina ukurasa mzima juu yetu. Tumekisoma wote, wengine mara mbili tukitafuta kama kuna ukurasa ulioanguka. Kinasema zamani hapa palikuwa na msitu, kisha pakawa na chai. Hakuna uongo hapo. Ila kati ya msitu na chai kulikuwa na watu, na kwa kuwa kijitabu ni chembamba hawakuenea.

Tuongeze kidogo tu. Hapa Wakipsigis walilisha ng'ombe. Waliambiwa wasogee, na waliochelewa kusikia wakasogezwa. Ikapandwa chai. Wakaletwa wachunaji, Wakisii kutoka ng'ambo ya pale, Wakikuyu kwa lori kutoka Murang'a, na baadaye Wakipsigis wale wale wakarudi kuomba kibarua cha kuchuna majani mahali mama zao walikuwa wakikamua maziwa. Wote wakapangwa kwenye vyumba vya laini, chumba kimoja kwa familia, jiko na kitanda vikitazamana. Yetu ilikuwa laini ya chini kabisa, karibu na kijito, mahali ukungu unalala mpaka saa tatu.

Watu wakiishi pia hufa. Mkipsigis akifa alirudishwa kwao, kwao ni karibu. Lakini mtu wa mbali, barabara ikiwa matope, alizikwa pale mteremkoni juu ya kijito. Meneja wa siku hizo hakukataa watu kufa. Alikataa misalaba tu, akisema itaharibu mistari ya chai. Wazee wakaitikia, ndiyo bwana. Halafu juu ya kila kaburi wakapanda mche mmoja wa chai, ndani ya mstari wake kabisa, pasipo kuharibu kitu. Na mche huo wakakubaliana kwamba hakuna mkono utakaouchuna wala panga litakaloukata.

Mheshimiwa, labda wewe unaijua chai ikiwa kwenye kikombe. Shambani chai inakufika kiunoni kwa sababu sisi tunaikata. Ukiiacha inakuwa mti. Leo kuna miti ishirini na mitatu ya chai pale chini, mingine imepita paa la nyumba, inatoa maua meupe kila mwaka. Wasimamizi wote waliopita waliuliza, "Mbona hii haichunwi?" Na wachunaji wote, Mkisii, Mkikuyu, Mkipsigis, walijibu neno moja: "Iko na wadudu." Shamba limebadilisha wenyewe mara tatu na wadudu hao hawajaisha.

MAFANIKIO

Mafanikio ya mpango wako ni mengi mno. Kila mtoto alipata kofia. Kila msimulizi alipata tisheti ya saizi moja, ile ya mtu mkubwa sana, na zimetufaa wakati wa baridi. Tulipelekwa semina ya siku mbili mjini Litein kufundishwa namna ya kusimulia. Mwenyekiti wetu, Mama Rodah Chelangat, ambaye alikuwa anasimulia watoto kabla mwalimu wa semina hajaota meno, alipewa cheti kilichoandikwa "Ameshiriki". Amekitundika juu ya meko. Kimeshika moshi vizuri.

Sisi pia tulijaribu mafanikio yetu madogo. Kila Jumatano saa nane, kwa ruhusa ya Mwalimu Janeffer wa Gredi ya Tano, Mama Jerusa aliwateremsha watoto mpaka kwenye ile miti. Hakuwa na kijitabu. Alikuwa na kanuni moja: usimame kwenye mti wa yule unayebeba jina lake, na useme kama yeye.

Hapa tueleze, maana wengine mmetoka mbali. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake, na wa kike jina la mama ya baba yake. Wakisii humpa mtoto jina la mtu wao aliyetangulia. Kwa hivyo mtu akizikwa pale mteremkoni hakukaa sana kabla jina lake halijaonekana likikimbia na mpira wa makaratasi. Mjukuu wa Mama Jerusa ni Ryan Kinuthia. Mume wake Mama Jerusa, aliyelala pale chini, alikuwa Kinuthia. Ni jina moja, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kuchanganya.

Jumatano ya kwanza Ryan alisimama kwenye mti wa babu yake akakuna kichwa.

"Shosho, nianze aje?"

"Anza na jina."

"Mimi ni Kinuthia." Wenzake wakacheka. Akavuta pumzi. "Nilitoka Murang'a kwa lori. Nilikuwa napasua kuni za kiwanda. Nilikuwa nafuga nywele mpaka meneja akaniambia nikate."

"Na ulikata?"

"Nilikata nusu."

"Haya, hapo umekuwa yeye," akasema Mama Jerusa, na akageuka upande wa kijito kwa muda kidogo.

Aliyefuata alikuwa Shirley Nyatichi, akasema, "Mimi ni Nyatichi. Nilikuwa nachuna kuliko wanaume na walikuwa wananichukia." Mama Rodah alikuwa amekuja kusikiliza, akapiga makofi. "Huyo ni yeye mwenyewe! Hata mdomo ni ule ule!"

Kwa mwaka mmoja watoto waliokuwa hawajui babu zao walifanya kazi gani waliweza kukuambia walikula nini Krismasi. Kumi na tisa kati ya wale ishirini na watatu walikuwa na mtoto wa jina lao katika Gredi ya Tano au ya Sita. Wanne hawakuwa na mtu. Kwa hao, watoto walipokezana.

Hayo ndiyo mafanikio. Tunajua ni machache ukilinganisha na kofia.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, changamoto yetu kubwa ni kwamba tulifanya mlivyotuambia.

Mlileta Fomu ya Kumbukumbu za Mahali. Mlisema kila shule iandike mahali pake pa kihistoria, ili pasije pakajengwa kitu juu yake bila kujua. Tulishangilia. Fomu iliuliza: Nani amezikwa hapa? Eleza maisha yake. Watoto wakajaza wenyewe, kwa kalamu nyeusi kama ilivyoagizwa, kwa namna waliyofundishwa. "Mimi ni Bosire. Nilikuwa mpishi wa kambi. Nilikufa kwa kuumwa kifua." Fomu ishirini na tatu, zimenyooka, hazina doa la uji. Mwalimu Janeffer akazipeleka ofisini kwenu mwenyewe.

Ofisi yako ikaziingiza kwenye kompyuta. Kompyuta ikachukua majina ya wafu ikayalinganisha na rejista ya shule. Na kumbe! Kinuthia yupo, Gredi ya Tano. Nyatichi yupo. Bosire yupo, na anadaiwa vitabu viwili vya maktaba. Kumi na tisa wote walikutwa darasani wazima. Bwana Yesu alimfufua Lazaro mmoja, na watu wakatembea kutoka mbali kuja kumtazama. Ofisi yako imefufua kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana na haikutoa hata tangazo kwenye redio.

Ripoti ilikuja na ile sahihi yenye mkia. Tunaisoma kama ilivyo: "Hakuna ushahidi wa makaburi. Majina yaliyotolewa ni ya wanafunzi walio hai na wanaoendelea na masomo. Eneo lina chai iliyotelekezwa kwa uzembe. Linafaa kwa ujenzi." Ndipo tukajua kwamba Kituo cha Historia kimepata mahali, na mahali penyewe ni juu ya historia. Hatujawahi kuona kazi iliyonyooka namna hiyo.

Ripoti ilikuwa na kiambatisho. Kilisema watoto wa Gredi ya Tano wanajiona kuwa wamekufa, na wanahitaji msaada wa haraka. Tunakiri mpango wako hauna haraka kwa kawaida, lakini hapo mlifika kesho yake. Alikuja mshauri, dada mpole sana mwenye mkoba. Akaketi na Ryan kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, mlango ukiwa wazi.

"Ryan, umeandika hapa kwamba ulikufa."

"Ndiyo, madam."

"Unajisikia aje tangu ufe?"

"Njaa, madam. Ni saa sita na uji haujakuja."

Mshauri akaandika ukurasa mzima. Aliondoka akiacha amri kwamba michezo ya kujifanya marehemu ikome, na kwamba atakayefundisha historia ya mahali awe na diploma. Jumatano zikaisha hapo. Mama Jerusa alirudi kuchuna chai ya kishamba chake kidogo na kupalilia sukuma wiki. Mtu akimwuliza alijibu, "Mungu ako macho," na kuendelea kupalilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sasa tufike kwa wale wanne. Kompyuta iliwatafuta kwenye rejista haikuwaona. Mtu wa kawaida angefikiri, labda hawa basi ndio wamekufa. Lakini kompyuta ilikuwa imeshaamua kwamba orodha yote ni ya wanafunzi. Wanne ambao hawakuonekana darasani ikawaandika kuwa watoro. Na serikali yetu, ambayo tunaishukuru, haichezi na watoro. Orodha ikatumwa kwa chifu, na barua zikatoka.

Watatu kati ya wanne watu wao walishahama, barua zikarudi. Ya nne ilipata mwenyewe.

Mheshimiwa, huku kwetu mwanamke akizaa haitwi tena kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wa kwanza. Kanisani na kwenye karatasi katibu wetu ni Jerusa. Sokoni, mtoni, kwenye banda la kupimia majani, kwa zaidi ya miaka hamsini, ni Mama Waringa. Yule Waringa alizaliwa mwaka wa sabini na nne kwenye chumba cha nane, na akafa akiwa na miezi saba, mwezi wa Julai, wakati ukungu hautoki. Ako pale mteremkoni, mti wake umeegemea mti wa baba yake. Hakuna aliyeitwa jina lake, maana alikuwa mtoto, hakuacha wajukuu. Jina lake limebaki mahali pamoja tu, kwa vile tunavyomwita mama yake. Kwenye fomu Ryan ndiye aliyemwandika. Aliandika mistari mitatu: "Mimi ni Waringa. Nilikuwa na miezi saba. Sikuwahi kusema kitu."

Mzee wa kijiji alimkuta Mama Jerusa kwenye sukuma.

"Ni wewe Mama Waringa?"

"Si unanijua tangu unyonye?"

"Nimeagizwa niulize kwanza. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi hii ni yako." Akampa, akatazama viatu vyake.

Barua ilisema: "Mtoto wako Waringa hajahudhuria masomo hata siku moja. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto. Unaagizwa umfikishe shuleni Jumatatu asubuhi akiwa na sare kamili, la sivyo hatua ya kisheria itachukuliwa."

Mama Jerusa alisoma akiwa amesimama. Alisoma tena. Akaketi kwenye debe lake la kumwagilia, akaiweka barua juu ya magoti na kuipapasa, kama mtu anayenyoosha nguo ya mtoto. Mzee wa kijiji alitaka kuondoka akashindwa. Alisema baadaye kwamba hakuna hata siku moja aliyowahi kuona mtu akicheka na kulia kwa uso mmoja. Kwani ni nani mwingine, katika miaka yote hiyo, aliyewahi kumwandikia mwanamke huyu barua juu ya mtoto wake? Hakukuwa na cheti cha kuzaliwa. Cha kufa pia hakikuwepo. Karatasi ya kwanza ya serikali yenye jina la Waringa ndiyo hii, na inamtaka na sare.

"Ngoja hapo," akasema. Akaingia ndani, akatoka na jibu, kwa mwandiko ule ule wa kumbukumbu za kanisa. Nakala tunayo:

"Nimepokea. Mtoto hatafika Jumatatu. Alilala akiwa wa miezi saba na mmepanga kujenga juu yake. Nitawafikisha ninyi kwake siku yoyote mtakayochagua. Hamtahitaji sare."

Hakuna aliyechagua siku. Basi akavaa kitambaa cha kanisa akaenda ofisini kwenu mwenyewe. Akamkuta afisa wa mpango, Bwana Kipkosgei, ambaye yuko hapa leo na anaangalia simu yake. Ni kijana wa heshima, alimpa kiti na chai.

"Shosho, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini mfumo unasoma jina. Kinuthia ako Gredi ya Tano. Mtu hawezi kuwa Gredi ya Tano na kuwa kaburini."

"Wewe ulipozaliwa waliita majina?"

Bwana Kipkosgei akatabasamu. "Kumbe unajua mambo yetu."

"Nimekaa na nyinyi miaka hamsini na tano, nimesikia watoto wengi wakipiga chafya." Kwa wasiojua: Wakipsigis humshika mtoto mchanga wakaita majina ya waliokufa, moja moja, mpaka apige chafya. Aliyetajwa hapo ndiye aliyerudi. "Wewe ulipiga chafya kwa nani?"

"Kwa babu ya baba yangu."

"Amelala wapi?"

"Nyumbani, Soin."

"Hapana. Mfumo unasema ako hapa ofisini, na ameweka sukari vijiko vitatu. Pigia watu wa Soin uwaambie lile kaburi ni wazi, wapande nyanya."

Bwana Kipkosgei aliacha kukoroga.

"Shosho," akasema kwa sauti ya chini, "mimi najua. Haki ya Mungu najua. Lakini ripoti imeshasainiwa na Mkurugenzi, na mimi ni wa mkataba."

"Basi ninyamaze?"

"Sijasema hivyo. Atakuja mwenyewe kuweka jiwe. Risala lazima isomwe. Hiyo hakuna mtu anaipitia."

Bwana Kipkosgei, usiogope, hatukukutaja kwa ubaya. Na Mheshimiwa, ukitaka kumfuta kazi kwa kusema kweli moja, tunaomba umfute kesho, si mbele ya watoto.

MAOMBI

Desturi ya risala ni kuomba mambo kumi, na mgeni rasmi kuahidi kumi na mawili. Hatutakuchosha. Barabara hatuombi, umeiona. Maji hatuombi, mvua imetosha. Diploma hatuombi, tumezeeka. Tunaomba jambo moja.

Hapa tuliposimama, kwenye uwanja wa banda la zamani la kupimia majani, pana nafasi. Ardhi ni tambarare, barabara iko karibu, na hakuna mtu chini yake. Tumeulizana nyumba kwa nyumba. Ni hatua sitini kutoka pale mlipochora. Mama Rodah alizipima kwa miguu yake mara mbili, mara moja akiwa na gumboti. Kijengwe hapa. Dirisha moja litazame miti ile, na Jumatano zirudi.

Mafundi wenu wamesema haiwezekani kwa sababu ramani imeshapigwa mhuri. Sisi hatujui mambo ya ramani. Tunajua tu kwamba jiwe lenyewe lililetwa kwa mkokoteni wa punda jana, na punda alikuwa hajali lishuke wapi. Mwenye haraka hapa si punda.

Ibrahimu baba wa imani alikuwa mgeni katika nchi ya watu, na mke wake alipokufa alisimama mbele ya wenye nchi akaomba mahali pa kumlaza. Walimpa kwa heshima. Hawakumwuliza kama Sara yuko kwenye rejista.

KWA KUMALIZIA

Programu mliyotuletea inasema baada ya risala Mama Jerusa, kwa niaba ya wakaaji, atakukabidhi mwiko wa dhahabu wa kupaka saruji, na utapigwa picha naye mkiwa mmeushika pamoja. Anaomba radhi. Mwiko uko mezani, karibu na maua. Bwana Kipkosgei atakuonyesha.

Yeye akimaliza mstari wa mwisho atakunja karatasi hii, atakupa kwa mikono miwili, kisha atateremka mpaka kwenye ile chai isiyochunwa, aketi katikati ya ile miti miwili inayoegemeana. Hataki kupiga kelele. Amebeba Biblia yake na sweta. Sisi wengine tutamfuata. Ukiona safu ya nyuma ya tenti viti vimepungua usiulize ni nani mwizi, tulishavipeleka asubuhi, kimoja kwa kila mti. Tumebeba chai kwa thamosi, na vikombe vya wageni vipo, maana hatukulelewa vibaya. Kijana wa tingatinga mlilolileta kuchimba msingi anaitwa Kipkurui, ni wa hapa Sosiot. Tulimuuliza kama atachimba. Alisema yeye alisomea kuchimba udongo, hakusomea kuchimba akina mama.

Utachagua wewe, Mheshimiwa. Unaweza kuweka jiwe hapa uwanjani, na tutapanda tukuimbie ule wimbo mara ya saba, kwa roho safi. Au unaweza kuteremka na mwiko wako mpaka pale, na umwambie Mama Waringa kwa mdomo wako mwenyewe, ukimtazama, kwamba hakuna mtu amelala hapo. Hatutakukatiza. Atakusikiliza mpaka mwisho, na hatainuka.

Mungu wa wajane na wa watoto wasiosema kitu akubariki, akupe macho ya kusoma unachosaini, na akurudishe nyumbani salama barabara ikiwa bado inapitika.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wasimulizi wa Laini ya Chini,
pamoja na Gredi ya Tano na ya Sita.

Rodah Chelangat, mwenyekiti.
Jerusa Nyaguthii, Mama Waringa, katibu.